Ridhaa

Fomu inauliza: mtambo uko wapi?
Nafasi waliyoacha haitoshi hata jina la mtaa.
Niliandika Kisumu, kisha nikafuta,
maana Jumanne, saa kumi na moja na dakika nne alfajiri,
ulikuwa juu ya kisiwa cha Ndere,
na kabla maji ya chai hayajatokota
ulishaivuka Turkana, ukaingia nchi za watu
bila pasi, bila hodi, mdomo umefungwa.

Bwana Afisa wa Masafa,
usidhani ni jitu. Ni kijisanduku cha kukaa kiganjani,
uzito wake kama pakiti ya unga na chumvi juu,
kimevikwa vioo vya kunywa jua,
na antena yake, nikwambie ukweli,
ni utepe wa seremala tulionunua Kibuye
kwa mia mbili, baada ya kukatalia mia mbili na hamsini.
Onditi alilehemu nyaya. Mmbone alipima betri
hadi akawa anaota kwa volti.
Hakuna anayewalipa.
Ndiyo maana ya neno mnalotuita, ridhaa:
kufanya kwa kupenda tu.
Na neno hilohilo
ndilo ninalokuja kuomba mlangoni kwenu,
nakala tatu.

Masharti nimeyasoma.
Kisiuze kitu. Hakina cha kuuza.
Kisipige muziki. Sawa.
Kisiseme kwa fumbo; lugha iwe wazi, kila mwenye sikio aelewe.
Hapo nilicheka peke yangu.
Mamangu hajawahi kuomba chumvi kwa jirani
bila kwanza kuuliza mboga za huko zimepoaje,
na leo mimi, mwanawe, naweka saini
kwamba huyu wangu wa chuma atasema tu:
betri volti saba nukta nne,
joto nyuzi kumi na mbili,
niko hapa.
Niko hapa.

Sharti la tisa nililisoma mara mbili.
*Mwombaji athibitishe kwamba anaweza kukinyamazisha.*

Miezi saba kilizunguka bubu,
mara kumi na tano kwa siku,
nasi juu ya paa la karakana, Riat,
tukikielekezea antena kama watu wanaomwonyesha mgeni njia
ambayo hajaruhusiwa kuipita.
Usiku mmoja Onditi akasema, Mwalimu,
sekunde mbili tu. Nani atajua?
Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe.
Chini yetu ndege ya mwisho kutoka Nairobi ilikuwa inatua,
nikamfikiria rubani na yule wa mnarani,
wanavyosikizana gizani
kwa sababu wengine wote wamekubali kukaa kimya.
Nikaondoa mkono.
Onditi hakunisemesha mpaka Alhamisi.

Barua ilifika siku ya mvua, mhuri umevuja wino,
sharti la tisa limepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu.

Saa mbili kasorobo usiku kikachomoza upande wa Homa Bay.
Mmbone akatuma amri. Hakuna.
Akatuma tena.
Spika ikakohoa, halafu sauti nyembamba,
ya kifaranga kilichosahauliwa nje ya tenga,
ikatamka jina lake kwa nukta na vistari,
ikishuka, ikishuka, kadiri ilivyotukimbia.

Hatukushangilia. Tulikuwa na dakika tisa,
na tano zilikuwa zimekwenda.
Nikasema, kiambie kinyamaze.

Akakiambia.

Kikanyamaza.

Miezi saba nimesema na kitu hicho,
nikikibembeleza, nikikitukana hata,
wala sikujua kama kinanisikia.

Mabati yakaendelea na mvua yake.
Mmbone alikuwa anafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.
Onditi akafungua daftari, akaandika tarehe,
saa, dakika, pembe ya antena,
kisha kalamu ikasimama.
Mwalimu, akauliza,
hapa kwenye safu ya ujumbe uliopokelewa
niandike nini?